Kupungua Mwili Ukiwa Mzazi: Anza na Chupa ya Mafuta na Kilo ya Sukari

Keti asubuhi moja penye meza ya mama wa vitumbua pale Ngamiani, Tanga, hutakosa kusikia habari za kukata kitambi. Mmoja anakunywa maji moto ya ndimu kabla ya chai. Mwingine ameacha wali wiki ya pili sasa na kichwa kinamgonga. Wa tatu ameagiza kwa simu majani ya chai ya kupunguza tumbo, na tangu juzi yeye na choo hawaachani. Wote wana watoto nyumbani, na wote wanaulizana swali moja: mbona fulani kapungua kilo nne kwa siku kumi, na mimi nimekwama?

Swali hilo lina jibu. Ugumu wake ni kwamba watu huchanganya vitu vitatu: uzito, mafuta na maji. Uzito ni jumla ya kila kilichomo mwilini, yaani mifupa, nyama, maji, chakula kilichomo tumboni na hata haja ambayo bado haijatoka. Mafuta ni sehemu moja tu ya jumla hiyo, na ndiyo tunayotaka ipungue. Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula, kama lita ilivyo kipimo cha petroli. Gramu moja ya wanga au sukari ina kalori 4, gramu moja ya protini pia 4, na gramu moja ya mafuta ina 9. Shika hiyo 9, maana tutairudia.

Pochi na kibubu

Mwili huweka akiba yake mahali pawili. Kuna pochi ya mkononi, yaani wanga unaohifadhiwa kwenye ini na misuli, ambao kwa mtu mzima ni kama gramu 400 hadi 500. Kisha kuna kibubu, ambacho ni mafuta. Ukipunguza chakula ghafla, mwili hauvunji kibubu kwanza, unaingiza mkono kwenye pochi. Na kila gramu ya wanga wa akiba hulala pamoja na gramu 3 hivi za maji. Pochi ikimwagika, maji hayo hutoka kwenye mkojo, na mizani hushuka kilo moja na nusu au mbili kwa siku chache. Ongeza tumbo lililokaa bila chakula na chumvi iliyopungua, na hizo ndizo kilo nne za fulani. Siku akirudia wali, pochi inajaa, maji yanarejea, naye anaamini mwili wake una laana ya kunenepa.

Kibubu ni habari nyingine. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba takriban kalori 7,700. Ukila pungufu ya matumizi yako kwa kalori 300 kila siku, utahitaji siku 25 au 26 kuimaliza. Hiyo ni kama kilo moja kwa mwezi. Kwa mzazi anayeamshwa usiku na mtoto, anayepika kwa ajili ya watu watano au sita na asiye na muda wa kupika sufuria mbili, mwendo huo ndio unaobebeka. Tanga tuna msemo wa waja leo waondoka leo, na kilo za pochi ndiyo tabia yake: zinaondoka leo, zinarudi kesho.

Kalori 300 zitoke wapi, basi, bila kumnyima mtu chakula?

Hesabu iliyofichwa jikoni

Wengi huanza kwa kuuchukia wali au ugali. Huko si mahali pazuri pa kuanzia. Kikombe cha wali mweupe uliopikwa, kiasi cha ngumi yako, kina kalori 200 hivi. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina 120, na hakuna anayekiona kikiingia. Mafuta hayajazi tumbo, hayatafunwi, yanapita kimya ndani ya mchuzi.

Njia rahisi ya kuyaona ni kutazama yanaisha kwa siku ngapi. Lita moja ya mafuta ina takriban kalori 8,200. Nyumba ya watu watano ikiimaliza kwa siku tatu, kila mmoja kwa wastani amekula kalori 550 za mafuta matupu kwa siku. Ikiimaliza kwa siku saba, kila mmoja amekula 235. Tofauti ni zaidi ya kalori 300 kwa kila mtu, na hakuna aliyenyimwa tonge. Siku unayofungua chupa, andika tarehe kwa kalamu ya wino kwenye kifuniko. Ikiwa unanunua mafuta ya kupima dukani kila jioni, weka alama ukutani kila unaponunua, kisha jumlisha Jumapili.

Yanapungua vipi? Acha kumimina kutoka kwenye chupa, pima kwa kijiko. Kwa sufuria ya mchuzi ya watu watano, vijiko vikubwa vitatu vinatosha kuunga vitunguu vizuri. Kosa linalorudiwa ni kupunguza mafuta bila kubadilisha moto: vitunguu vinaungua, mchuzi unakuwa mchungu, familia inalalamika, na wiki ya pili mafuta yanarudi palepale. Weka moto mdogo, tia chumvi kidogo mapema ili vitunguu vitoe maji yake, funika, na vikianza kushika chini nyunyiza maji kijiko kimoja kimoja. Samaki wa kukaanga wageuke wa kupaka au wa kuchoma mara nne kwa wiki. Dagaa wakaange bila mafuta mpaka wakauke, kisha uwaunge na nyanya.

Nazi inahitaji maneno yake yenyewe, kwa sababu hapa pwani kumwambia mtu aache nazi ni kumwambia ahame. Nyama ya nazi ina takriban kalori 350 kwa kila gramu 100, kwa hiyo nazi moja kubwa inapita kalori 1,000, na ukiikamua vizuri sehemu kubwa ya mafuta yake huhamia kwenye tui. Shida haitoki kwenye nazi moja. Inatoka kwenye mlo wenye wali wa nazi, mbaazi za nazi na mchicha wa nazi kwa pamoja. Kanuni inayofaa ni nyepesi: nazi iingie sufuria moja kwa kila mlo. Wali ukiwa wa nazi, samaki awe wa ndimu na pilipili. Mbaazi zikiwa za nazi, wali uwe mweupe. Na mbaazi zichemke kwa tui la pili mpaka ziive, kasimile, yaani tui zito la kwanza, iingie mwishoni kidogo tu, ili harufu na ladha zibaki juu.

Watoto wadogo wasiingizwe kwenye upunguzaji huu. Mtoto aliye chini ya miaka miwili anahitaji mafuta kwa ajili ya kukua na ubongo wake. Mchotee chakula chake pembeni, kisha mwongezee kijiko cha kasimile au mafuta. Na mtoto mkubwa asipimwe kwenye mizani kila wiki wala asiitwe bonge. Yeye anabadilishiwa mazoea ya nyumba tu, kama kila mtu.

Sukari nayo ipimwe hivyohivyo. Kilo moja ni vijiko vya chai 200. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na kwamba ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, gramu 25 hivi, yaani vijiko vitano. Nyumba ya watu watano ikila gramu 25 kila mmoja, kilo inadumu siku nane. Ikiisha kwa siku tatu, kila mmoja amekunywa vijiko kumi na tatu kwa siku, achilia mbali soda. Punguza nusu kijiko kwa kila kikombe, kaa hapo wiki nzima, kisha punguza tena. Ulimi huzoea ukipewa muda, lakini ukishushwa kutoka vijiko vitatu hadi sifuri kwa siku moja, utarudi kwenye vitatu kabla ya Ijumaa. Asali haikuokoi hapa, ni sukari pia. Juisi ya ukwaju yenye sukari ni soda iliyotengenezwa nyumbani. Chungwa la Muheza lile zima, na nyuzinyuzi zake, kwa sababu glasi moja ya juisi inameza machungwa matatu au manne ambayo usingeweza kuyala kwa mkupuo.

Kuhusu dona na sembe: kalori zake zinakaribiana sana. Dona ina nyuzinyuzi zaidi na inashibisha muda mrefu, kwa hiyo ina faida, lakini mlima wa dona ni mlima vilevile.

Sinia na makombo

Mzazi ana matatizo mawili ya ulaji ambayo asiye na watoto hayajui. La kwanza ni makombo. Mtoto ameacha nusu chapati na matonge manne ya wali, na mama, aliyefunzwa kutotupa chakula, anamalizia huku akitoa vyombo. Hapo zimeingia kalori karibu 200 ambazo hatazikumbuka hata akiulizwa usiku huohuo. Dawa yake si kutupa chakula. Mpakulie mtoto kidogo, akimaliza mwongeze. Kinachobaki sufuriani ni chakula cha kesho, kinachobaki sahanini mwa mtoto kinamtafuta mama.

La pili ni sinia. Tukila pamoja hakuna anayeona amekula kiasi gani, na mwenyeji haachi kusukuma wali upande wako. Lakini sinia lina adabu yake ya zamani inayosaidia: kula kilicho mbele yako. Kabla ya tonge la kwanza, angalia eneo lako, liwe na wali wa ngumi moja au moja na nusu, kipande cha samaki kama kiganja, na mboga za kutosha kuzidi wali. Anza na mboga na samaki. Eneo likiisha, kunywa maji, endelea na mazungumzo, na subiri dakika kumi na tano kabla ya kuongeza. Taarifa ya shibe huchelewa kufika kichwani, na anayekula mbio hushiba akiwa ameshapitiliza.

Asubuhi, maandazi mawili na chai ya vijiko vitatu yakigeuka andazi moja, bakuli la mbaazi na chai ya kijiko kimoja, umepunguza kalori na umeongeza protini na nyuzinyuzi. Njaa ya saa nne itapungua yenyewe. Anayeruka staftahi kabisa ili apungue mara nyingi hulipa deni hilo saa kumi jioni, penye bajia na kachori.

Na baba wa chipsi mayai za saa tatu usiku: sahani ile hupita kalori 600 kwa urahisi, tena baada ya chakula cha nyumbani. Chakula cha usiku hakinenepeshi kwa sababu ya saa. Kinanenepesha kwa sababu ni mlo wa nne.

Baada ya kujifungua

Hapa ndipo uongo umejaa zaidi, na ndipo unapoumiza. Mkaja, kitambaa cha kufunga tumbo baada ya kuzaa, haukati mafuta. Unashikilia tumbo, unampa mama nafuu ya mgongo, na ukifungwa kwa kiasi hauna ubaya. Ukikazwa hadi pumzi inakwama, unasukuma nguvu zote chini, kwenye misuli ya nyonga iliyochoka kwa uzazi, na mama anaweza kuanza kuvuja mkojo akikohoa.

Tumbo linalobaki kuwa mbele mara nyingi si mafuta peke yake. Misuli miwili ya katikati ya tumbo huachana wakati wa mimba. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, kisha kwa ncha za vidole gusa kati ya misuli hiyo, usawa wa kitovu. Ikiwa baada ya wiki nane bado kuna nafasi ya vidole viwili au zaidi, muone mtaalamu wa mazoezi ya tiba hospitalini, na usianze mazoezi ya kuinuka kwa kukunja tumbo, kwa sababu yanaweza kuongeza mwachano huo. Tena mazoezi ya tumbo, hata kwa asiyezaa, hayachagui mafuta ya tumboni. Mwili huchota kwenye kibubu kizima, na kila mtu ana sehemu yake ya mwisho kupungua.

Mama anayenyonyesha maziwa matupu hutumia takriban kalori 500 zaidi kila siku. Asijinyime. Arobaini ipite, maziwa yatulie, na akianza, asivuke nusu kilo kwa wiki. Uji wa pilipili manga na supu viendelee, ila samli na sukari ndani ya uji ndizo za kupimwa kwa kijiko. Aliyejifungua kwa upasuaji asubiri ruhusa ya daktari kabla ya kunyanyua ndoo au kuanza mazoezi mazito. Na aliyekuwa na kisukari cha mimba arudi kupimwa sukari kati ya wiki 6 na 12 baada ya kujifungua, hata kama anajisikia mzima kabisa, kwa sababu hatari ya kupata kisukari baadaye kwake ni kubwa kuliko ya wengine.

Kuhusu uzazi wa mpango: sindano ya miezi mitatu inahusishwa na kuongezeka uzito kwa baadhi ya wanawake. Vidonge havijaonyesha ongezeko kubwa. Ukiona unaongezeka, nenda kliniki ubadilishiwe njia, usiache kimyakimya ukapata mimba usiyoipanga.

Chai za kukata tumbo

Nyingi zina sanamaki au majani mengine ya kuharisha. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, ilhali chakula kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba kabla ya kufika huko. Unachopoteza ni maji na madini, na kuharisha sana kunaweza kuzuia vidonge vya uzazi wa mpango visifyonzwe. Bidhaa nyingine za kupunguza unene zimewahi kukutwa zimechanganywa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari kwa moyo na mishipa ya damu. Ukinywa chai ya pakiti na moyo ukaanza kwenda mbio na usingizi ukapotea, iache siku hiyohiyo na uende hospitali na pakiti yake. Maji ya ndimu hayachomi mafuta, ila kama yamechukua nafasi ya chai ya sukari, endelea nayo.

Usingizi, miguu na baiskeli

Anayelala kwa muda wa saa nne au tano tu hupata njaa zaidi kesho yake, hasa ya vitu vitamu na vya kukaanga, kwa sababu homoni za njaa na shibe huvurugika. Mzazi wa mtoto mchanga hawezi kuamriwa alale kwa muda wa saa nane. Anaweza kugawana usiku na mwenzake, mmoja kabla ya saa nane za usiku na mwingine baada yake, na anaweza kulala mchana mtoto akilala, badala ya kukimbilia kufua. Baba akishika zamu yake, amemsaidia mama kupungua kuliko akimnunulia chai ya pakiti.

Mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo kuliko watu wanavyotarajia. Dakika 30 za kutembea kwa haraka, kwa mtu wa kilo 70, ni kama kalori 130 hadi 150, sawa na soda moja ya chupa. Kazi yake kubwa ni kulinda misuli, kushusha sukari na presha, na kuzuia uzito usirudi. Lenga dakika 150 kwa wiki: nusu saa mara tano, au dakika kumi mara tatu kwa siku, zote zinahesabika. Kipimo ni hiki: unaweza kuongea, lakini huwezi kuimba. Kupiga deki polepole hakufikii hapo, kufua kwa nguvu huenda kukafika. Tanga ni tambarare na ni mji wa baiskeli, basi mpeleke mtoto shule kwa baiskeli, au tembeeni jioni kuelekea Raskazone upepo wa bahari ukianza kuvuma. Siku mbili kwa wiki ongeza nguvu: kaa na inuka kwenye kiti mara kumi, pumzika, rudia mara tatu, kisha sukuma ukuta kwa mikono hivyohivyo.

Kupima, na kukwama

Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya haja, kabla ya chai, kwenye mizani ileile. Mwanamke akikaribia hedhi anaweza kuongezeka kilo moja au mbili za maji, kwa hiyo alinganishe wiki hii na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita. Usilitegemee dera, dera halimsemi mtu. Chukua futi ya fundi cherehani, ipitishe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi, soma. Hatari huanza kupanda kiuno kikifika sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume.

Huhitaji kufikia umbo la siku ya harusi ili upate faida. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulifuatilia watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Kundi lililolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki lilipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo tano na nusu, mwendo wa miezi sita kwa hesabu yetu.

Mahali fulani kwenye mwezi wa tatu au wa nne mizani itasimama. Bajaji yenye abiria mmoja hunywa mafuta kidogo kuliko yenye watatu, na mwili uliopungua nao hutumia kidogo, huku njaa ikiongezeka. Pia mkono wa kumimina huwa umeshasahau kijiko. Kwa hiyo kabla ya kukata chakula, rudi kwenye kifuniko cha chupa ya mafuta na kwenye kopo la sukari, usome tarehe. Zikiwa zimesogea, rudisha vipimo. Zikiwa palepale, punguza nusu ngumi ya wanga usiku au ongeza dakika kumi za kutembea, kimoja kati ya hivyo, kisha acha wiki nne zipite kabla ya kutoa tena futi ya fundi kabatini.